Kama Alicheka, Hujamwambia

Mtu akimwita kinyozi huyu kwa jina alilopewa na wazazi wake, mwenyewe aligeuka kwanza kuangalia nyuma, akidhani anaitwa mwingine. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Redio. Jina hilo alipewa na Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti na madirisha aliyepanga chumba cha jirani, siku umeme ulipokatika tangu asubuhi. Wateja walikaa wakisubiri, na kinyozi akaongea muda wote ule bila kumeza mate. Fundi akachungulia mlangoni na miwani yake myeusi kichwani, akasema, "Kila kitu kimezimika mtaa huu isipokuwa redio hii." Basi, likaganda.

Tuseme ukweli: barabara ile ilikuwa na vinyozi wenye mikono mizuri kuliko yake. Yule wa karibu na duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anakata mstari wa paji la uso ukadhani umepimwa kwa rula. Lakini watu walijaa kwa Redio, kwenye kiti chake kilichopasuka ngozi na benchi lake lililolegea mguu, kwa sababu ya mdomo. Alikuwa na desturi moja tu ya kazi. Mtu akikaa kitini na kuuliza jambo, jibu si lake peke yake, ni la benchi zima. Redio aliliinua lile swali, akaligeuza, akalitia chumvi, kisha akalirusha nyuma kwa wanaosubiri, na kibanda kizima kikacheka. Aliyeuliza naye hucheka. Ungekaa wapi na uchungu wako watu wote wakicheka?

Shule zikitoka, benchi lilikuwa la vijana. Wengine hawakuja kunyoa hata kidogo, walikuja kusikiliza. Nyumbani baba zao walikuwa hawaongei mambo yale. Mama zao walikohoa na kuuliza kama vyombo vimeoshwa. Mwalimu wa sayansi alichora mchoro ubaoni akiwa amewapa mgongo, akaufuta kabla hawajaunakili. Redio peke yake ndiye aliyeongea, na alichoongea kilikuwa hiki: "Kisonono ni mafua ya wanaume. Mwanamume ambaye hajawahi kukipata si mwanamume, ni mtoto aliyeota ndevu!" Vijana walianguka kwa kicheko, wakaenda kulirudia shuleni.

Ungemwuliza, angekwambia anatania. Na kweli alikuwa anatania, hakuna siku aliyokaa akapanga kumpotosha mtoto wa mtu. Ila mtoto wa shule hajui mpaka wa utani umepita wapi, hasa kama anayetania ndiye mtu mzima pekee aliyekubali kuongea naye. Hilo Redio hakulifikiria. Alikuwa na mengi ya kusema, na anayesema sana hana nafasi ya kufikiri.

Dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, alikuwa na mtoto wa kiume aliyemaliza miaka kumi na sita. Kijana mrefu, mpole, asiye na maneno. Redio ndiye aliyemnyoa tangu nywele za kwanza, akimkalisha juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti. Siku moja jioni kijana yule alikaa kitini, benchi likiwa limejaa, akasubiri mashine ianze kunguruma ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Mjomba, kuna rafiki yangu mmoja. Akienda haja ndogo anasikia moto. Na kuna uchafu unatoka. Sasa afanye nini?"

Redio alimwangalia kwenye kioo. Aliona mpwa wake amekwepesha macho, akaona vidole vikisokota pindo la shuka la kunyolea. Mjomba ni mjomba, hakuhitaji kuambiwa huyo rafiki ni nani. Na hapo ndipo kosa lilipo, kwamba alijua. Alijua, lakini benchi lilikuwa limeshatega sikio, na mdomo ukawahi.

"Jamani, mpwa wangu ana rafiki!" alipaza sauti. "Mwambie huyo rafiki yako hongera, amepanda cheo! Dawa yake ni maji ya ndimu na chumvi, glasi nzima, halafu azunguke uwanja mbio mpaka alowe. Jasho likitoka, na ule moto unatoka nalo!"

Kibanda kilipasuka kwa vicheko. Mmoja alipiga paja, mwingine akadai apewe ndimu na yeye kwa tahadhari. Mpwa naye alicheka, angefanya nini. Aliponyolewa akasema, "Asante, mjomba," akaenda zake.

Baada ya hapo Redio akawa anamwona uwanjani. Jua kali, wenzake wako kivulini, yeye anazunguka na fulana imemganda mgongoni. Redio alijisifu kwa wateja kwamba ukoo wao umepata mwanariadha. Jumapili alipokwenda kumsalimia dada yake alimkuta anapiga pasi sketi za shule, akamwambia, "Dada, huyu mtoto atatuletea kombe. Namwona anavyojituma."

"Kombe sijui," dada alijibu bila kuinua macho. "Ninachojua ni kwamba anamaliza ndimu zangu. Nikinunua leo, kesho hamna. Anazitafuta kama mjamzito!"

Redio alicheka. Kisha akakumbuka ni nani aliyetaja ndimu, akaomba maji. Aliyanywa yote. Ilikuwa mara ya kwanza dada yake kumwona hana la kusema, akamwuliza kama ana malaria.

Kesho yake alifunga kibanda mchana, akamngojea mpwa wake kwenye geti la shule, wakaenda kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimpima kijana, akamchoma sindano, akampa na vidonge, akampima na damu pia, ikaonekana salama, ingawa alimtaka arudi baadaye kuirudia. Hakumfokea. Aliuliza tu, "Mwanangu, umekaa na maumivu haya muda mrefu hivi kwa nini?"

"Nilikuwa natumia dawa nyingine."

"Dawa gani?"

"Ndimu na chumvi."

"Nani amekwambia hiyo ni dawa?"

Kijana aliangalia sakafu. Redio, aliyesimama pale mlangoni, alisubiri kutajwa. Angetajwa angepumua.

"Mtu tu," mpwa alisema.

Muuguzi alivaa miwani, akamgeukia mjomba. "Huyu sasa atapona. Lakini je, huyo mwenzake? Msichana anaweza kuwa na ugonjwa huu asisikie kitu chochote. Halafu unapanda kimyakimya, unaingia kwenye kizazi, unakuja kuuona umeshaharibu. Mwambieni aje. Hata kama hataki kuja na huyu, aje peke yake, hatutamtangaza. Lakini aje mapema." Akawapa na mipira ya kondomu, akamweleza kijana namna ya kuitumia kwa maneno ya kawaida kabisa. Redio alishangaa. Kumbe mambo yale yalikuwa yanasemeka hivyo, bila mtu kucheka.

Njiani kijana alisimama, akamtaja msichana. Alikuwa binti wa Fundi Cheche.

Redio alishika kiuno. Fundi Cheche! Jirani aliyegawana naye ukuta mmoja, waya mmoja wa umeme na sufuria moja ya chai. Binti mwenyewe Redio alimjua tangu anatambaa kwenye vipande vya chuma.

"Mjomba, mimi siwezi kumwambia," mpwa alisema. "Nikifungua mdomo nitalia. Mwambie wewe. Wewe unajua kuongea."

"Niachie mimi," Redio alisema.

Binti yule alikuwa analeta chakula cha mchana cha baba yake kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa, na akipita alisalimia kwa kinyozi. Siku iliyofuata alifika, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, anko Redio."

"Marahaba, binti." Palikuwa na mteja kitini na wawili benchini. Redio alijua angeweza kuzima mashine, akatoka nje naye, wakasimama pembeni. Alijua kabisa. Lakini kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kusema jambo zito bila kulivisha nguo ya mzaha, na mkono ukaendelea kunyoa, na mdomo ukaanza wenyewe. "Binti, siku hizi hewa ya mtaa huu si nzuri. Wenye akili wanakwenda kituo cha afya wanapimwa kila kitu, kuanzia unyayo mpaka kope. Na wewe nenda ukapimwe! Hasa kama una rafiki mwanariadha."

Benchi likacheka. Binti akaziba mdomo kwa mkono, macho yakimng'aa. "Anko, wewe huishiwi!" akasema, akapeleka chakula.

Jioni wakiwa mezani, mkewe, ambaye ndiye pekee aliyeambiwa habari yote, alimwuliza, "Umemwambia yule mtoto?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Redio alisogeza sahani. "Alicheka."

Mke aliweka kijiko chini. "Kama alicheka, hujamwambia."

"Nimemwambia aende akapimwe. Nitamwambiaje tena?"

"Utamwambia kama unavyomwambia mtu nyumba yake inaungua. Mzaha mzaha hutumbua usaha, mume wangu. Au nimwambie mimi?"

"Hapana. Mpwa wangu ameniamini mimi. Kesho nitamwambia vizuri."

Kesho yake Fundi alikuwa amesimama mlangoni muda wote akichora geti la mtu kwa chaki. Siku nyingine binti alikuja na mdogo wake. Kisha mitihani ikaanza, Redio akajiambia si vizuri kumvuruga mtoto na mitihani. Mitihani ilipokwisha alijiambia kwamba huenda alikwenda kupimwa mwenyewe, maana binti yule ana akili, angeshindwa vipi kuelewa? Mkewe aliuliza mara kadhaa, halafu akaacha kuuliza, na kule kuacha kulimwuma zaidi.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa mikono ya Fundi inayokunja nondo. Aliogopa dada yake, aliyeamini kwamba nduguye anamwangalizia mtoto asiye na baba. Lakini zaidi ya yote aliogopa kusimama mbele ya mtu na kumsababishia kilio. Kazi yake yote ilikuwa kuwazuia watu wasilie. Kwa hofu hiyo ndogo, ya aibu, alimwacha mtoto wa watu aendelee kubeba ugonjwa asioujua, na kila mchana aliitikia shikamoo yake.

Asubuhi moja aliisikia sauti ya Fundi ukutani. "Redio! Redio, njoo unisaidie!"

Alikuta binti amelala kwenye gunia chini, amejikunja, ameshika tumbo la chini. Alikuwa amepita kwa baba yake kuomba nauli ya kwenda kununua dawa ya maumivu, akaanguka pale. Waliita teksi ya jirani. Fundi alishika mabega, Redio akashika miguu, na joto la homa lilipita kwenye sketi ya shule likamfikia mikononi. "Pole mwanangu, pole," Fundi alikuwa anasema, "ni tumbo tu." Redio alikuwa na neno moja ambalo angelisema pale, kwenye kiti cha nyuma cha teksi, au pale kwa daktari wa zamu aliyeuliza ameanza lini na kuna nini kingine. Mdomo uliokuwa haufungwi ukafungika. Madaktari walidhani ni kidole tumbo, wakaandaa upasuaji, wakahangaika hivyo hadi kesho yake ndipo wakaujua ugonjwa.

Wiki ile mashine ya Fundi ya kukatia chuma haikulia. Ukuta ulikuwa kimya, na kibanda cha Redio kikawa kimya pia. Wateja waliuliza kulikoni, akawaambia jino linauma. Mmoja alisema afadhali aende kwa yule mwingine, angalau kule atapata mstari ulionyooka. Redio alimfungua shuka, akamwachia njia. Kila aliponyoa kichwa cha kijana wa shule alijiuliza huyu alibeba nini kutoka hapa, alimwambia nani, na huyo aliyeambiwa yuko wapi sasa.

Fundi alikuja asubuhi, kabla benchi halijapata mtu. Alikuwa amevaa shati la kanisani lisilopigwa pasi, na mashavu yamejaa ndevu.

"Ninyoe, nimekuwa kama mbuzi," alisema akijitupa kitini. "Halafu nichekeshe. Kule hospitali kila mtu ananiangalia kama nimefiwa."

Redio alimfunga shuka shingoni. Alitafuta neno la kuchekesha, lolote, hata la zamani, akalikosa.

"Vipi, betri imeisha?"

"Binti anaendeleaje?"

"Homa imeshuka. Atatoka kesho kutwa." Fundi aliendelea taratibu, kama mtu anayevua kiatu kwenye mguu wenye kidonda. "Daktari alituita mimi na mama yake. Si tumbo, Redio. Ni ugonjwa wa kikubwa. Kisonono. Umepanda mpaka kwenye mirija, umeacha makovu. Anasema huko mbele akitaka mtoto, huenda atapata, huenda asipate. Nikamwuliza, 'Lipi kati ya hayo?' Akasema hajui."

Redio alishika brashi, akaiweka chini.

"Nimemwuliza binti ni nani, hasemi. Analia tu. Nimemwambia akitoka hospitali shule basi, aende akakae kwa shangazi yake. Na nikamwambia maneno mengine, mbele ya wagonjwa wengine. Maneno ambayo baba hamwambii mtoto. Hakujibu hata moja."

Barabarani mtu alikuwa anaburuta mkokoteni. Wote wawili walisubiri upite.

"Lakini nimekuja pia kukushukuru," Fundi alisema.

"Kwa lipi?"

"Jana aliniambia, 'Baba, anko Redio aliniambia nikapimwe, mimi nikadhani ananitania.' Nilishindwa kula. Wewe jirani tu uliona mtoto amebadilika, ukamwonya. Mimi ninayelala naye nyumba moja sikuona." Alitoa mkono wake mgumu chini ya shuka, akaushika mkono wa kinyozi. "Asante sana, ndugu yangu. Wewe ulijaribu."

Redio aliuacha mkono wake mle ndani. Alihitaji kusema "si kitu" tu. Maneno mawili. Binti angepelekwa kwa shangazi na siri yake, mpwa angemaliza shule, dada angeendelea kushona, na yeye angebaki kuwa jirani mwema aliyeona mapema. Hakuna ambaye angeuliza tena. Alimfikiria mtoto yule kitandani, anatukanwa mbele ya watu, anameza jina la mwenzake, na katika watu wote anamtetea yeye.

Aliuondoa mkono wake. Alizunguka kiti, akachuchumaa mbele ya Fundi, uso kwa uso, magoti yakigusana.

"Fundi, usinishukuru. Mimi sikuona kitu, mimi nilikuwa najua. Ni mpwa wangu. Alikaa kwenye kiti hiki akaniambia anaumwa, na mimi, kwa kuwa watu walikuwa wengi, nikamwambia anywe ndimu na chumvi halafu azunguke uwanja mbio. Naye akafanya. Akanywa ndimu, akakimbia kila siku juani, badala ya kwenda hospitali. Tulipokuja kumtibu, binti yako alikuwa bado. Nikatumwa nimwambie. Nikamwambia kwa mzaha."

Fundi alimtazama kwa muda. Midomo yake ilitetemeka. Halafu mabega yakaanza kutikisika.

"Ndimu!" alisema. "Ndimu na chumvi, halafu azunguke uwanja!" Akaangua kicheko, kicheko cha mtu ambaye hajacheka wiki nzima, kikubwa, cha kutoka tumboni, akipiga mkono wa kiti kwa kiganja mpaka machozi yakamtiririka ndevuni. "Redio, bwana! Redio wewe! Nilijua tu utanichekesha!"

Redio alibaki amechuchumaa pale pale mbele yake. Hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, ili aanze upya tangu mwanzo.